Majani ya Mirihi Tuliyoyatafuta Pongwe

Wiki iliyopita nilimkabidhi Petro funguo za kibanda cha darubini, pamoja na kopo la pamba, chupa ya spiriti na ile brashi ya manyoya laini ambayo naomba asimwazime mtu. Aliniuliza kama nina neno la kuwaachia vijana watakaokuja. Nikamwambia sina, ninachotaka ni kwenda nyumbani Usagara, hapahapa Tanga, nikalale. Nimelala. Sasa nimeamka, mchana ni mrefu, magoti hayataki kwenda mbali, na Mwenyezi Mungu kwa rehema yake ameniachia mkono usiotetemeka. Basi nimekaa kuandika, polepole, kwa ajili ya ninyi mtakaoshika funguo baada ya Petro.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara mtaujua wenyewe mwisho wa mwezi.

Ujana wangu nilisomesha watoto Kurani chuoni, ndiyo maana hata wasio Waislamu huniita Maalim. Baadaye nilifanya kazi katika mnara wa taa. Watu hudhani mtu wa mnara kazi yake ni kuwasha taa. Taa huwashwa mara moja. Kazi ni kufuta vioo. Chumvi ya bahari hupanda usiku na mchana, na kila asubuhi unaanza upya kana kwamba jana hukufanya kitu. Nilifuta vioo vile mpaka nikajua kwa ncha ya kidole tofauti ya chumvi, vumbi na mafuta ya mkono wa mtu. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini mzungu mmoja alikuja mjini akiuliza nani anaweza kusafisha kioo bila kukikwaruza, akaelekezwa kwangu. Sikuomba kazi ya nyota. Ilinifuata kwa sababu ya kitambaa.

Kituo kilikuwa kwenye mwinuko nje kidogo ya Pongwe, na mkonge umekizunguka pande zote. Kilikuwa kibanda cha mabati chenye paa linalosukumwa kwa mkono juu ya reli, na ndani yake darubini: bomba refu kama mtumbwi, na chini ya bomba kioo chenye upana wa sinia la pilau. Mzungu mwenyewe tulimwita Bwana Subiri, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili na alilitumia kwa mawingu, kwa chai na kwa mvua. Alijua tunavyomwita. Siku moja nilimsikia akijitambulisha hivyo kwa muuza samaki.

Kazi, kwa asiyeijua, ilikuwa hivi. Mirihi ni ile nyekundu isiyometameta, nayo si nyota bali ni dunia kama hii yetu, ndogo zaidi, inayotukaribia kila baada ya miaka miwili na ushei. Ukiitazama kwa darubini unaona kofia nyeupe ya barafu, na mwilini mabaka ya kijivu. Wataalamu waliotutangulia walisema barafu ikiyeyuka, mabaka yale hutanuka na kukolea, na wengine waliyaona ya kijani. Wakajiuliza, je, ni majani? Hawakutafuta watu wala majumba. Walitafuta majani tu, au hata ukoga kama ule unaoota ukutani wakati wa masika. Bwana Subiri alikuja Tanga kwa sababu huku kwetu Mirihi hupita juu ya kichwa, wakati kwao hutambaa chini karibu na mapaa ya nyumba.

Sheikh mmoja wa mtaani kwetu aliniuliza kama kazi hiyo haina ubaya katika dini. Nilimwambia kila siku katika sala tunamsifu Mungu kwa kuwa ni Mlezi wa walimwengu wote, si wa Tanga peke yake. Kama amelea majani mahali pengine, sisi tunatazama tu. Alifikiri, kisha akaniuliza kama darubini ile inaweza kuona shamba lake la Maramba, maana anashuku jirani anasogeza mpaka.

Petro naye alikuwa mpya kama mimi. Ni Msambaa, Mlutheri, baba yake aliteremka kutoka milimani kufanya kazi ya mkonge. Siku ya kwanza kabisa alinitazama kanzu yangu, akatazama kibanda.

“Shikamoo, Maalim. Nikuulize. Wakipatikana watu kule juu, watakuwa wa dini gani?”

“Marahaba. Wakipatikana tutawauliza wenyewe. Naomba tu wasiwe Walutheri, kwaya yenu ya hapa inatosha.”

“Maalim! Na wakiwa wanafuga nguruwe?”

“Basi utawaandikia wewe barua.”

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na hivyo ndivyo tulivyomaliza.

Lakini mwalimu wetu sote wawili alikuwa Mzee Athumani. Alikuwa mtu wa pwani hasa, mrefu, mkavu, aliyekuwa amemaliza utumishi wake kama mchora ramani kabla ya Bwana Subiri kumshawishi arudi kazini. Aliweza kuchora duara kwa mkono mtupu, kisha ukaweka bikari juu yake ukaona bikari ndiyo iliyokosea. Yeye ndiye aliyekuwa jicho la kituo. Bwana Subiri alijua hesabu na vitabu, lakini kwenye kuona alimwachia Fundi, kama alivyomwita, na hakuona haya kusema hivyo.

Tulichora kwa mkono. Msicheke. Kamera tulikuwa nayo, lakini hewa ya juu hucheza, na picha hutoka kama doa la chai kwenye shuka. Jicho la mtu hungoja. Hewa inatetemeka, inatetemeka, kisha kwa muda wa kupumua mara moja inatulia, na hapo unanyakua ulichokiona na kukishusha kwenye karatasi iliyokwisha kuchorwa duara. Kisha unangoja tena. Kazi ya kutafuta uhai katika dunia nyingine, wanangu, ni kazi ya kusimama kwenye ngazi na shingo imepinda, ukingoja hewa ya Pongwe itulie. Nyakati nyingine haikutulia wiki nzima. Nyakati nyingine walichoma mabaki ya mkonge mashambani, na tulichokiona ni moshi.

Jioni yangu ya kwanza kwenye ngazi, Mzee Athumani aliniuliza nimeona nini. Nilitaka kusema jambo la maana. Nilisema nimeona dunia nyekundu yenye mabara.

“Umeona au umesikia?” akaniuliza.

Nikarudi kutazama. Nikasema ukweli: naona punje ya dengu iliyoangukia kwenye mchuzi unaochemka.

Alicheka mpaka akashika ngazi. “Haya, chora dengu. Kesho utachora dengu na doa. Mwakani, Mungu akipenda, utajua doa liko upande gani.”

Kanuni yake ilikuwa moja na aliirudia bila kuchoka: mmoja anapanda, anachora peke yake, anatia karatasi sandukuni, ndipo mwingine anapanda. Kuzungumza juu ya tulichokiona kabla ya karatasi kuingia sandukuni kulikatazwa. Alinieleza kwa lugha niliyoielewa. Tulikuwa mashahidi. Shahidi akikaa na shahidi mwenzake kabla ya kwenda kwa kadhi, kadhi amepata shahidi mmoja mwenye sauti mbili. Mimi niliyesomeshwa tangu utotoni uzito wa kushuhudia nisichokiona, nililipokea jambo hilo bila taabu. Petro lilimsumbua, kwa kuwa Petro huona shida kunyamaza.

Mengine ya kazi mtayajua kwa mikono. Manyigu hujenga ndani ya bomba mkiliacha wazi mchana. Vile vioo vidogo vya kutazamia, tunavyoviita vijicho, huota kuvu, na dawa yake ni kuviweka kwenye kopo lenye mchele uliokaangwa mkavu, nao ubadilishwe kila mara. Mke wangu anaamini mpaka leo kwamba tulikuwa tunaula. Kile kioo kikubwa kisiguswe isipokuwa hakuna budi. Kitu kilichofutwa vibaya ni kibaya kuliko kilichoachwa na vumbi.

Msimu wa kwanza tulijifunza. Mirihi ilipokwenda mbali tulichora Zuhura saa za Magharibi, nayo haina cha kuchora, ni nyeupe tupu kama yai. Kisha ukaja ule msimu ambao Mirihi ilikaribia kuliko kawaida, na Bwana Subiri akaacha kusema subiri.

Katika msimu huo michoro ya Mzee Athumani ilianza kubadilika. Mabaka yaliyokuwa mawili yakaanza kutanuka na kuungana, kingo zake zikawa laini, na jinsi barafu ilivyopungua ndivyo mabaka yake yalivyoenea. Ndilo lile hasa lililokuwa likitafutwa. Bwana Subiri aliipanga michoro mezani kwa mfululizo na kuizunguka kama mtu aliyenunua ng'ombe. Michoro ya Petro na yangu haikuonyesha hivyo. Lakini sisi tulikuwa watu wa dengu. Fundi alikuwa Fundi. Bwana Subiri alianza kuandika taarifa ya kupeleka kwa wataalamu wenzake ng'ambo, kwamba kutoka Tanga majani ya Mirihi yameonekana yakienea.

Wakati huohuo Mzee Athumani alianza kunilalamikia.

“Maalim, kijicho hiki hukukisafisha.”

Nilikuwa nimekisafisha. Nikakiteremsha, nikakifuta tena, nikakirudisha. Akatazama.

“Bado. Kina ukungu.”

Nilikifuta mara nyingine. Nakiri nilikasirika, maana mtu wa vioo akiambiwa kioo chake kichafu ni kama mpishi kuambiwa chakula chake kimechacha. Nilikipeleka kwenye taa, nikakigeuza. Kilikuwa safi kabisa. Nilipomrudishia alinyoosha mkono kukipokea, na mkono ukapita pembeni ya mkono wangu. Nikakisogeza kwenye kiganja chake. Tangu hapo niliona alivyomimina chai mpaka ikafurika kikombe, alivyohesabu vipandio vya ngazi kwa mguu, na alivyomwachia Petro kusoma barua, eti apate mazoezi.

Hatimaye Bwana Subiri mwenyewe aliona kwamba karatasi za sandukuni hazikubaliani. Alikuwa mtu wa haki. Alituita sote watatu akasema hawezi kupeleka taarifa mpaka ajue macho ya kila mmoja wetu, pamoja na ya kwake. Angetupima. Mbao zingepakwa mfano wa Mirihi na kutundikwa mwisho wa uwanja wa mpira wa watu wa mkonge, mchana, kwa umbali utakaozifanya zionekane na ukubwa uleule wa Mirihi ndani ya darubini. Kila mmoja angechora anachokiona. Ambaye michoro yake mingi isingefanana na mbao asingekaa tena kwenye darubini.

Mimi nilipewa kazi ya kuzipaka, kwa hiyo mimi sikupimwa. “Paka upendavyo,” aliniambia pembeni. “Mmoja usiupake kitu. Usiniambie upi.”

Nilichukua mbao tatu, nikazipaka chokaa na udongo mwekundu, na mbili nikazitia mabaka ya masizi, mepesi, kama tulivyozoea kuyaona. Wa tatu nikauacha bila baka. Nilizifungia stoo ya kituo na ufunguo nikaufunga kiunoni.

Jioni yake, kabla ya Magharibi, Bi Mwanaidi, mke wa Mzee Athumani, alikuja nyumbani kwangu Usagara na sahani ya visheti imefunikwa kwa kawa. Mke wangu alimkaribisha, naye akasema hakai. Kisha akakaa.

“Shikamoo, Bi Mwanaidi.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia mnampima mzee wangu kama mtoto wa shule.”

“Tunapimwa sote, Bi.”

“Hampimwi sote. Wewe ndiwe uliyezipaka.” Akanisogezea sahani. “Maalim, yule mtu jicho lake limeingia ukungu tangu masika. Mimi nalala naye, najua. Akiondolewa kule atakaa wapi? Kwenye duka la nani? Hajui kuuza, hajui kulima, anajua kutazama tu. Niambie doa liko upande gani, nami nitamwambia kwa njia yangu. Neno moja tu.”

“Bi Mwanaidi, neno hilo ni ushahidi.”

“Ushahidi wa nini? Wa masizi kwenye ubao?” Sasa alikuwa analia, na sauti yake haikubadilika. “Nani atadhurika Mirihi kwa neno lako?”

Nilisema, “Akiniuliza mwenyewe nitamjibu.”

“Hawezi kukuuliza, unamjua.”

“Namjua.”

Alisimama, akajifunga buibui. Sahani akaiacha.

Asubuhi niliwahi kituoni. Mzee Athumani alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kibanda, anachonga kalamu za risasi kwa kisu kidogo, anazichonga kwa kupapasa.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, Maalim. Mke wangu alikuja kwako.”

Nikaketi kando yake.

“Alileta nini?”

“Visheti.”

“Ulivila?”

“Nilivila, Mzee.”

“Basi umekula rushwa na kazi hukuifanya. Ndivyo wanavyofanya makarani wote.” Akacheka peke yake, kidogo, kisha akaendelea kuchonga. “Usiniambie kitu.”

Nilimwambia, kwa adabu, kwamba angeweza kujitoa. Aseme amechoka, apumzike kwa heshima, pasiwe na kipimo. Wangemfanyia hata karamu.

“Nimeliwaza hilo,” alisema. “Lakini Maalim, mimi mwenyewe sijui. Jicho halikwenda siku moja. Nilisema ni hewa, nikasema ni wewe na kitambaa chako, Mungu anisamehe. Yale majani nimeyachora. Nataka nijue niliyachora kwa jicho langu au kwa hamu ya Bwana. Nikijitoa leo nitakwenda nalo kaburini.”

Tulipima baada ya sala ya Alasiri. Nilizitundika mbao moja baada ya nyingine kwenye goli la mbali, na watoto wa makambi ya mkonge walikaa pembeni wakidhani ni mchezo wa wazungu. Bwana Subiri alichora, Petro alichora ulimi umemtoka pembeni ya mdomo, na Mzee Athumani alikaa wima kwenye kiti chake, kalamu mkononi, akitazama mbele kwa utulivu uleule aliokuwa nao kwenye darubini. Mara nyingine aliinua kalamu, kisha akaishusha bila kugusa karatasi.

Tulirudi kwenye meza iliyokuwa kivulini mwa kibanda. Bwana Subiri alisema tuanze na ule ubao usio na kitu. Nikautaja. Alipofungua karatasi yake mwenyewe masikio yalimgeuka mekundu, kwani alikuwa amechora baka zuri kabisa, lenye mkia. Alijua kuna ubao mtupu, na bado alichora baka! Petro alikuwa amechora mistari miwili na nukta.

“Petro,” nilisema, “nukta hii umeitoa wapi?”

“Nzi, Maalim. Lazima alikuwa nzi.”

Kisha Mzee Athumani akatoa karatasi yake ya ubao ule. Duara tupu.

Bwana Subiri aliruka kutoka kitini. Alizunguka meza, akamshika Mzee Athumani mkono kwa mikono yake miwili. “Fundi! Wewe peke yako! Sisi wote tumeona mambo yasiyokuwepo, wewe hukuona!” Petro akapiga makofi na watoto wa kambini nao wakapiga, bila kujua sababu. Bwana Subiri akasema imetosha, haina haja ya nyingine, mwenye kuuona utupu kuwa utupu ndiye wa kuaminiwa akiyaona majani, taarifa itakwenda, iletwe chai.

Mimi niliyezipaka mbao nilikuwa namtazama Mzee Athumani. Karatasi zake mbili nyingine zilikuwa chini ya kiganja chake, zimegeuzwa. Hakuna aliyeziomba. Chai ilikuwa inamiminwa. Nilijua kwamba akizikunja na kuzitia mfukoni, mambo yamekwisha, na Bi Mwanaidi atalala.

“Bwana,” alisema, “bado mbili.”

“Subiri, Fundi, kwanza chai.”

“Chai itapoa, si neno.” Akazigeuza.

Zote mbili zilikuwa duara tupu, safi, bila hata alama ya kalamu iliyogusa na kusita. Bwana Subiri alizitazama, akatazama mbao zangu zilizoegemea ukuta na mabaka yake ya masizi, kisha akarudi kwenye karatasi.

“Nimeona duara tupu mara tatu,” alisema Mzee Athumani. “Sifa ya ule wa kwanza si yangu. Ningetundikiwa sahani ningechora hivyohivyo.”

“Lakini Mirihi,” alisema Bwana Subiri. “Mirihi umeichora. Mabaka yako mahali pake.”

“Mirihi naijua, Bwana. Najua baka gani liko wapi hata nikiwa nimelala. Na yanayoongezeka nilikuwa nayasikia kwako kila asubuhi. Mbao hizi sikuzijua, wala hapakuwa na mtu wa kuniambia anataka nione nini. Basi sikuona kitu.”

Petro aliweka kikombe chini. Kisha Bwana Subiri aliingia ndani akatoka na michoro yote ya msimu ule, akaiweka mezani, na kwa sauti ya chini akauliza ni tangu lini. Mzee Athumani hakuweza kuisoma, kwa hiyo nilimweleza kila mmoja jinsi ulivyo na ulichorwa baada ya mvua gani, naye alikuwa anasema, “Huo nauamini.” “Huo nauamini.” Tulipofika pale mabaka yanapoanza kuungana, aliweka mkono juu ya karatasi.

“Kuanzia hapa toa.”

Yote yaliyobaki chini ya mkono wake ndiyo yaliyokuwa majani. Bwana Subiri aliyatoa moja moja. Alipomaliza alikaa.

“Basi hatuna majani,” alisema.

“Huenda yapo, Bwana. Ila sisi hatujayaona.”

Taarifa haikwenda. Bwana Subiri aliandika nyingine fupi, iliyosema kwamba kutoka kituo hiki hakuna badiliko lililothibitishwa, na nasikia hakuna aliyeijibu. Mzee Athumani hakupanda tena ngazi, kama ilivyokuwa imesemwa. Daktari wa macho alimwambia ukungu ule haujaiva, asubiri uive ndipo utolewe, naye alinieleza hayo akicheka, kwamba amekimbia Bwana Subiri mmoja ameangukia kwa mwingine. Bi Mwanaidi hakusema nami kwa muda mrefu. Sahani yake niliirudisha mara mbili kabla haijapokelewa.

Nilikaa mimi kwenye kiti chake, na misimu iliyofuata nilichora mpaka shingo ikakataa. Mkiuliza tuliona nini, jibu langu ni lile la kwenye sanduku. Barafu inapungua. Mabaka nyakati fulani yanakolea kidogo, nyakati fulani hapana. Majani sikuyaona. Sisemi hayapo. Nimechoka, wanangu, lakini nimechoka bila deni, na hilo ni la kumshukuru Mungu. Wakati karatasi yenu inapobaki tupu na mkubwa wenu amesimama nyuma mikono kifuani, itieni sandukuni hivyohivyo ilivyo.

Nimalizie na jioni ile ya kipimo. Bwana Subiri alikuwa amekwisha kwenda nyumbani, Petro anasukuma paa lifungwe, na mimi na Mzee Athumani tulibaki kwenye mwinuko na birika la maji. Kwa miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akitazama jua likishuka upande wa milima, na yeye ndiye aliyeadhini. Sisi wengine tulikuwa tunangoja sauti yake. Alitawadha. Alisimama ameelekea machweo kama kawaida, macho yamefumbuka, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyomzoea.

“Maalim,” aliniuliza, “limezama?”

Nilitazama. Ukingo wake mwembamba ulikuwa bado juu ya mlima.

“Bado, Mzee.”

Akangoja. Nami nikaangalia kwa makini kuliko nilivyowahi kuangalia kitu chochote ndani ya darubini, mpaka nikawa na hakika.

“Sasa limezama.”

Hakuuliza mara ya pili. Aliweka mikono masikioni, akaadhini.